Maji ya Fedha Nyumbani kwa Baba

Kwa muda mrefu majirani wa wazazi wangu pale Voi waliamini kwamba nafanya kazi magereza. Chanzo kilikuwa baba. Aliulizwa binti yake anafanya nini huko Nairobi, akajibu kwa fahari, "Anashughulikia seli." Na seli, kwa mtu wa Voi, ni kile chumba kilicho nyuma ya kituo cha polisi.

Ndipo jirani mmoja akanijia nikiwa likizo, amebeba ndizi kwenye kikapu, aniombe nimfikirie mpwa wake aliyekamatwa na magunia ya makaa. Nilimkalisha nikamweleza kwamba seli zangu ni zile ndogo zinazoujenga mwili wa binadamu. Nikamwambia nazikuza kwenye visahani, ndani ya kabati lenye joto kama la mwili, kisha nazimwagia vichembe vidogo mno vilivyoundwa na watu kwenye maabara na viwanda, nione kama zitakufa au zitaishi. Vichembe hivyo huitwa nano. Ukipanga maelfu ya vichembe hivyo sako kwa bako, ndipo unafikia unene wa unywele mmoja. Vimo kwenye soksi zisizonuka, kwenye rangi za ukuta, kwenye bandeji za walioungua.

Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Na huyo kijana wetu, atatoka lini?"

Nasimulia haya ili ieleweke kwamba sikuwa mgeni wa kutoeleweka. Nilikuwa nimezoea. Kilichonipata baadaye ni kibaya zaidi. Nilieleweka nusu.

Baba yangu alistaafu reli. Maisha yake yote ya kazi alitengeneza signali, zile taa na mikono ya chuma inayomwambia dereva wa treni aende au asimame. Reli ya zamani ilipokufa pole pole, yeye alirudi nyumbani akakaa barazani, akaanza kukohoa. Kikohozi chenyewe hakikuwa cha kutisha. Ni vumbi. Voi kiangazi kikishika, vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya sukari. Lakini mtu aliyezoea kutengeneza vitu hawezi kukaa na kitu kibovu, hata kikiwa ni koo lake mwenyewe. Alijaribu tangawizi, asali, mwarobaini, na mafuta ya mnyama ambaye sikutaka kuuliza ni yupi.

Pasaka moja nikafika nyumbani, nikakuta chupa ya buluu katikati ya meza, juu ya kitambaa kizuri cha mama cha kufuma. Mama hakuwa mtu wa kuweka chupa juu ya kile kitambaa. Nikaigeuza. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni maji ya fedha, ya teknolojia ya nano, kwa kinga ya mwili, vidonda, mapafu, macho, presha, mifupa, na usingizi.

"Hiyo ni ya shangazi yako," mama akasema kutoka jikoni, kwa ile sauti anayotumia kutaja mvua iliyolowesha nguo alizoanika.

Shangazi ni dada mdogo wa baba. Aliwahi kuuza vyombo vya plastiki, kisha chai ya kupunguza tumbo, kisha sufuria zisizohitaji mafuta. Ana mdomo ambao ungeweza kuwauzia watu wa Taveta ndizi, nao ndio wanaozilima. Sasa alikuwa wakala wa maji ya fedha, na eneo lake, kwa maelezo yake mwenyewe, lilianzia Miasenyi kwenye barabara kuu hadi Njukini mpakani. Alifika jioni ile ile, akanikumbatia.

"Mama!" akasema. Nilipewa jina la nyanya, mama yao, kwa hiyo yeye na baba huniita mama, na huniagiza kama mtoto. "Si wewe ndiye wa nano? Nilipoona hilo neno kwenye chupa nikasema, Mungu ni mkubwa, hii ni kazi ya mtoto wetu!"

"Shangazi, hiyo si kazi yangu. Mimi nachunguza kama vitu hivyo vina madhara."

"Na vina madhara?"

Nikafanya kile nilichosomeshwa kwa pesa za serikali na za wafadhili kukifanya. Nikasema, "Inategemea."

Baba aliyekuwa akisikiliza redio akaizima. "Inategemea nini?"

Nikaeleza. Inategemea ukubwa wa vichembe, kwa sababu vidogo zaidi huingia kwenye seli kwa urahisi. Inategemea vimefunikwa na nini. Inategemea kiasi, na muda, na ni seli za wapi, za ini au za ngozi au za mapafu. Fedha inaua vijidudu, hilo ni kweli, lakini haina macho ya kuchagua, na ikizidi inaua na seli zako. Halafu seli kwenye kisahani si mtu mzima. Kinachoua kwenye kisahani pengine hakiui mwilini, na kinyume chake.

Baba alinitazama kwa huruma. "Mama," akasema, "mimi nimefanya kazi ya signali. Signali ni nyekundu ama ni kijani. Treni iko njiani, ina watu. Huwezi kuwasha taa ya inategemea."

"Basi ni nyekundu, baba. Usinywe."

"Lakini wewe mwenyewe umesema haijulikani."

"Ndiyo maana nasema usinywe."

"Ungekuwa na uhakika usingeeleza sana hivyo," akasema, akawasha redio.

Shangazi naye alikuwa amesikia alichotaka kusikia, yaani kwamba fedha inaua vijidudu na hospitali zinaitumia. Kabla ya kulala alikuwa ameshampigia simu mzee wa kanisa. Jumapili, baada ya ibada, mtaalamu kutoka Nairobi angezungumza na waumini kuhusu sayansi ya maji ya fedha. Nilikubali. Nilijiambia kwamba ni nafasi nzuri ya kusema ukweli mbele ya watu wengi kwa mpigo mmoja. Nilijiandaa kuliko nilivyowahi kujiandaa kwa mkutano wa wanasayansi.

Sikuwa nimefikiria suala la lugha. Wazee wengi wa kanisa lile wameteremka kutoka vilimani, na kusikiliza jambo zito wanataka kwa Kidawida, lugha ya Wataita. Mimi mama yangu ni Mtaveta, nililelewa kwa Kiswahili cha Voi, na Kidawida changu ni cha kusalimia na kuomba chakula. Ikabidi awepo mtafsiri. Shangazi alikuwa ameshasimama kando yangu, kipaza sauti mkononi.

Nikaanza. Nikasema kwamba kuna fedha inayotumika hospitalini kwa vidonda vya moto, lakini hiyo hupakwa juu, hainywewi, na daktari ndiye anayepima. Nikasema kwamba mwili hauna haja ya fedha hata kidogo, tofauti na chuma au chumvi. Nikasema kwamba tulipoweka vichembe hivi kwenye seli za ini, kwa kiasi kidogo hazikuonyesha kitu, kwa kiasi kikubwa zilikufa, na hapo katikati zilibadilika kwa namna ambayo bado tunaisoma. Nikapumua.

Shangazi akasema sentensi moja. Watu wakapiga makofi.

Kidawida changu ni kidogo lakini si bure. Nilisikia "hospitali". Nilisikia "mtoto wa kaka yangu". Nilisikia neno la kupona. Sikusikia ini.

"Shangazi, hujatafsiri kuhusu seli kufa," nikamnong'oneza.

"Watu wametoka kula ushirika mtakatifu, mama. Tusiwaletee vifo."

Nikajaribu tena, kwa Kiswahili rahisi, kwa sauti, nikiwatazama watu wenyewe. "Msiyanywe haya maji!" Vijana nyuma walielewa wakacheka. Shangazi akatafsiri kwa wazee, nao wakatikisa vichwa kwa heshima. Baadaye mama alimuuliza jirani yake, akaniambia nilichotafsiriwa ni kwamba haya maji si ya kunywa ovyo ovyo kama soda, ni kijiko kimoja tu asubuhi.

Bibi mmoja mwembamba akainuka, akauliza kwa Kiswahili safi kabisa, "Wewe mwenyewe unayanywa?"

Nikamshukuru Mungu. "Hapana, bibi. Siyanywi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sina haja nayo."

Shangazi akatabasamu, akawageukia wengine. Hata mimi nilielewa. Alisema bado mimi ni kijana, sina ugonjwa. Yule bibi akakaa, ameridhika.

Kufikia jioni chupa zote alizokuwa nazo shangazi zilikuwa zimeisha, na picha yangu nikiwa nimesimama kando ya meza ya maji ya fedha, mdomo wazi, mkono juu, ilikuwa kwenye simu za watu nisiowajua. Aliyeipiga alikuwa amenasa sekunde niliyokuwa nasema msiyanywe. Kwenye picha nilionekana mwenye furaha kubwa.

Nilirudi Nairobi na chupa moja kwenye begi. Mwenzangu kazini ana mashine inayopima metali kwenye maji, nikamwomba anisaidie. Majibu yalipotoka aliniuliza kama sikukosea chupa. Hakukuwa na nano. Hakukuwa na fedha ya kutajika. Yalikuwa maji, na kwa vigezo vyote alivyopima, maji mazuri kuliko yale yanayotoka kwenye mfereji wetu Voi siku yakijaliwa kutoka.

Nilicheka peke yangu kwenye korido. Nilikuwa nimebishana na kanisa zima kuhusu hatari ya kitu ambacho hakikuwemo. Nikampigia baba simu papo hapo, nikiwa na furaha ya mtu aliyepata ushahidi.

"Baba, ile chupa haina kitu. Ni maji matupu."

"Hakuna fedha ndani?"

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Kidogo kisichofaa hata kusemwa."

"Kwa hiyo tumedanganywa," akasema.

"Mmedanganywa kabisa."

"Umefanya vizuri kuniambia, mama." Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamua jambo. Mimi nilidhani ameamua kuacha. Nilimwambia asalimie mama, nikakata simu, nikaendelea na seli zangu nikiwa mwepesi wa moyo.

Yaliyofuata nimeyapata kwa vipande, mengine kwa mama, mengine kwa baba mwenyewe, ambaye hadi leo huyasimulia kama mtu anayesimulia kazi nzuri. Nilikuwa nimemthibitishia kwamba chupa haina fedha. Sikuwa nimemthibitishia kwamba fedha haifai. Na yeye hakukasirishwa na dawa, alikasirishwa na udanganyifu. Asubuhi iliyofuata alivaa koti, akaenda mjini kwa sonara, mtu wa familia ya Waswahili wa pwani waliokaa Voi tangu zamani, akaomba avutiwe waya mbili za fedha halisi.

"Zitakuwa za pete ama kidani, mzee wangu?" sonara akauliza.

"Za kazi," baba akajibu. Sonara akavuta waya, akamwombea baraka, biashara ikaisha.

Baba alichukua gudulia la jamu, akalijaza maji, akazamisha zile waya mbili zisigusane, akaziunganisha na betri ya zamani ya pikipiki. Ufundi wa aina hiyo kwake ni sawa na mama kukanda unga. Alikuwa amesikia maji ya fedha hutengenezwa hivyo, na kweli wapo wanaoyatengeneza hivyo duniani. Lakini wao hutumia maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi hata chembe. Baba alitumia maji ya kisima cha jirani, ambayo kila mtu mtaani anajua yanakataa hata sabuni kutoa povu.

Fedha ikikutana na chumvi kwenye maji kama yale haitoi nano. Inatoa ukungu mweupe, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Baba alipouona ule ukungu alifurahi. Chupa ya shangazi ilikuwa angavu, haina kitu. Yake ilikuwa na kitu, unakiona kwa macho. Akawa anakunywa kikombe kila asubuhi barazani, akiota jua. Si kijiko. Kikombe.

"Na wewe mama?" nilimuuliza baadaye.

"Mimi alinimiminia," mama akasema. "Nikamwambia nitakunywa. Nikamwagia mgomba wa nyuma ya nyumba." Hakueleza zaidi, na sikutaka kujua mgomba ulifanyaje.

Nilirudi nyumbani Agosti. Baba alikuwa na afya. Hakukohoa hata mara moja, ingawa niseme kwamba mvua isiyo ya msimu ilikuwa imenyesha na vumbi limelala. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha baraza, na nilipomsalimia nilidhani ni kile kivuli kilichoufanya uso wake uwe na rangi ya risasi ya penseli. Akanipa mkono. Kwenye kila kucha, pale penye mwezi mdogo mweupe, palikuwa na buluu ya kijivu, kama mtu aliyechovya vidole kwenye wino na kuvifuta vibaya. Nikamvuta hadi kwenye mwanga. Weupe wa macho ulikuwa na rangi ile ile. Alipocheka kuuliza nina nini, nikaona na ufizi.

"Hii ni grisi," akasema, akitazama vidole vyake. "Nasugua kila siku na jiwe, haitoki."

"Baba, umekuwa ukinywa nini?"

Akanionyesha gudulia dirishani bila kusita, kama mtu anayeonyesha mtoto wake aliyefaulu. Waya zilikuwa zimeliwa zikawa nyembamba kama uzi. Nilihesabu miezi kichwani, tangu Pasaka. Nilijua nilichokuwa nakitazama. Nilikuwa nimekisoma vitabuni, na sikuwahi kudhani ningekikuta kikinitengea kiti.

Tulienda hospitali siku ile ile. Mhudumu wa mapokezi aliona kucha za buluu, akaruka kutoka kitini. Kucha za buluu, kwa mtu wa afya, ni mgonjwa anayekosa hewa. Kabla sijafungua mdomo baba alikuwa amelazwa kitandani, barakoa ya oksijeni usoni, na wauguzi wawili wakimwambia asiogope. Wakambana kidole na kile kimashine cha kupima hewa kwenye damu. Kikaonyesha hewa ni tele. Wakakitoa, wakaleta kingine. Nacho kikasema vile vile. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, akasimama akitazama mashine, kisha baba, kisha mashine.

"Mzee, unajisikiaje?"

Baba akainua barakoa. "Najisikia vizuri kuliko mwaka jana. Ni nyinyi mnaonitia wasiwasi."

Nikamweleza daktari. Nikamwambia ni fedha, imejikusanya kwenye ngozi. Alikuwa amewahi kulisikia jambo hilo darasani, akaenda kulisoma kwenye simu, akarudi na macho makubwa. Kwa muda mfupi baba alikuwa mtu mashuhuri wa wodi. Waliletwa wanafunzi wa uuguzi wamtazame vidole, naye akawaeleza saketi yake ya waya na betri.

Walipima ini, figo, damu. Nilikaa kwenye benchi la nje nikisubiri, na nakiri nilisali, mimi ambaye najua idadi ya seli za ini zilizokufa mikononi mwangu. Majibu yalikuja mazuri. Ini zima, figo nzima. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi, mvua ikinyesha.

"Sasa hii rangi," baba akaniuliza tulipokuwa tukitoka, akijitazama mikono, "itatoka lini?"

"Haitoki, baba."

"Inategemea?"

"Hapana. Haitegemei kitu. Haitoki."

Ndiyo mara ya kwanza maishani nilimpa jibu la taa moja bila maelezo juu yake, na ningetoa chochote nisimpe.

Nikamweleza tulipokaa. Zile picha za zamani, nyeusi na nyeupe, kama alizopigwa siku ya harusi yake, zilichapwa kwa fedha. Mwanga ukipiga fedha ile, inageuka nyeusi. Ndivyo ilivyokuwa ngozini mwake. Amekuwa akijipiga picha pole pole, kila asubuhi akiota jua na kikombe mkononi. Na zaidi ya yote, nikamwambia, alichokunywa hakikuwa hata nano. Ilikuwa chumvi ya fedha, kitu kilichojulikana tangu enzi za mababu. Elimu yangu yote haikuhusika.

"Kwa hiyo nano haina lawama," akasema.

"Kwa hili, haina."

"Andika hilo kwenye ripoti yako," akasema, na nikaona anajaribu kunichekesha ili nisiendelee kulia.

Hasira yangu yote niliihifadhia shangazi. Alikuja siku ya pili, na leso begani kama mtu anayekuja matangani. Alimshika baba mikono, akaitazama, akafuta machozi ya kweli. Nikamsubiri amalize. Kisha nikasema, "Shangazi, unaona ulichotuletea?"

Akanigeukia polepole. "Mimi? Mama, mimi niliuza nini?"

"Maji ya fedha!"

"Maji ya fedha ambayo wewe ulipima Nairobi ukasema ni maji matupu. Ama hukusema?"

"Nilisema."

"Maji matupu yamewahi kumpaka mtu rangi?" Akakunja leso vizuri. "Wateja wangu wote, kutoka Miasenyi hadi Njukini, hakuna mwenye kucha kama hizi. Kama kaka yangu angeendelea kununua kwangu, leo angekuwa salama. Ni wewe uliyempigia simu."

Nilitafuta kosa kwenye hoja yake kama ninavyotafuta kosa kwenye makala ya mwanasayansi mwenzangu, na sikulipata. Mama aliyekuwa akimenya viazi mlangoni akaanza kutikisika mabega. Alicheka hadi kisu kikamdondoka. Baba akamfuata. Shangazi, baada ya kupima hali ya hewa, akacheka pia, na mwisho nikabaki mimi peke yangu na ukweli wangu, hadi nikashindwa.

Aliacha kuyauza, lakini, kwa haki, si kwa sababu yetu. Kampuni yenyewe ilitoweka, simu zao zikawa hazipatikani. Sasa anauza mito ya shingo.

Daktari alikuwa ameagiza jambo moja tu. Jua litaizidisha ile rangi, kwa hiyo baba avae kofia na mikono mirefu, na apake mafuta ya kukinga jua. Mtu wa Voi, mzaliwa wa chini ya jua lile, mafuta ya kukinga jua. Nilimnunulia Nairobi, nikarudi nayo Desemba. Siku hiyo tulikuwa tunaenda Njukini, kwa ndugu za mama, na kununua maharagwe sokoni. Baba aliichukua ile chupa, akavaa miwani, akasoma nyuma, chini kabisa, kwenye maandishi ya sisimizi. Akanitazama juu ya miwani.

"Hii nayo imeandikwa nano."

Sikuwa nimeangalia. Nikaichukua. Ilikuwa kweli. Zinki, vichembe vya nano.

"Mmeipima?" akauliza.

"Tumeipima."

"Kwenye zile seli zako?"

"Ndiyo."

"Zikafa?"

"Kwenye kisahani, ukizimwagia nyingi, zinakufa. Lakini vile vichembe, kwenye ngozi isiyo na jeraha, havipenyi kufika mbali, baba. Ile ngozi ya juu inavizuia. Usipake penye kidonda, na usiinywe."

"Sikuwa na mpango wa kuinywa," akasema kwa ubaridi.

Alifikiri. Nilimwona akiipima ile habari, na sikumharakisha. Kisha akaminya mafuta kiganjani, mengi kupita kiasi, akajipaka usoni na nyuma ya mikono. Zinki ni nyeupe. Mtu mweusi aliyegeuka kijivu akawa sasa mweupe kama chokaa, na kofia ya majani juu.

Mama alitoka na vikapu, akasimama. "Tunaenda hivyo?"

"Daktari amesema," baba akajibu, akaingia kwenye gari.

Njukini mfanyabiashara wa maharagwe alisita kumpa mkono, na baba akaona. Hakukasirika. Alipangusa mafuta, akamwonyesha kucha, akaanza kumsimulia, tangu chupa hadi gudulia hadi oksijeni, na watu wakaacha kupima nafaka wakaja kusikiliza. Anasimulia vizuri kuliko mimi. Hakuruka hata sehemu ya ini. Mimi nilisimama kando ya magunia na hakuna aliyenigeukia kuniuliza kitu.

Mwishoni mzee mmoja aliyetoka upande wa Salaita akainua kidole. "Lakini hebu niambie ukweli. Zile waya, ulizinunua wapi?"

Baba alishusha mikono ya shati ikafunika kucha. Kisha akamwita mama aje wapakie maharagwe.